Jina la Mazrui: Kutoka Ngome ya Mombasa hadi Makerere

Miaka michache iliyopita, tulipokuwa tukisahihisha mtihani wa nusu muhula, tulikutana na jibu lililotufanya tuweke kalamu chini. Wanafunzi walitakiwa wataje majina kumi ya ngeli ya JI-MA, kila moja katika umoja na wingi wake. Msichana mmoja, mwenye bidii na hati ya kupendeza, aliandika: jiwe – mawe, tunda – matunda, shamba – mashamba, kisha, bila ya wasiwasi wowote, akaandika: zrui – mazrui.

Hatukumpa alama. Lakini tulipomwita atueleze, hoja yake haikuwa ya kipumbavu hata kidogo. Alisema kwamba katika kitabu cha historia amesoma kuwa "Mazrui waliitawala Mombasa", na kwamba dada yake anayesoma Makerere amemwambia kuwa palikuwa na Mazrui aliyefundisha hapo zamani. Kama Mazrui ni wengi, na neno lenyewe linaanza kwa ma-, basi mmoja wao ni nani kama si zrui? Darasa lilicheka, sisi hatukucheka sana, kwa kuwa tulijua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza mtoto huyo jina lile limetoka wapi, nasi tukiwamo. Makala haya ni jibu letu kwake, ingawa limechelewa, na huenda likawafaa walimu wenzetu wanaoulizwa swali kama hilo.

Tuanze na neno lenyewe. Mazrui ni neno la Kiarabu, na shina lake ni herufi tatu zenye maana ya kupanda mbegu. Kutokana na shina hilo tumepata katika Kiswahili neno zaraa, yaani kilimo, ambalo siku hizi halisikiki sana ila katika vinywa vya wazee na katika kamusi. Ile ma- ya mwanzo si kiambishi cha ngeli yetu. Ni alama ya Kiarabu ya kitu kilichotendwa, kama tunavyoiona katika maarufu, mashuhuri, marehemu, mahabusi na majeruhi. Wenzetu wanaofundisha wanajua ni mara ngapi mwanafunzi huandika "jeruhi mmoja, majeruhi wawili". Kosa la zrui ni ndugu wa kosa hilo. Na ile -i ya mwisho ni alama ya nasaba, inayomhusisha mtu na ukoo wake. Waarabu wenyewe huwaita jamaa hawa kwa wingi Al-Mazari. Sisi tunasema Mmazrui na Wamazrui, nayo ndiyo njia iliyo sawa na lugha yetu.

Asili ya ukoo huu ni Omani. Jina liko huko hadi leo, na pia katika Falme za Kiarabu, ambako huandikwa kwa herufi za Kizungu kwa namna nyingine. Suhail Al Mazrouei, aliyepewa wizara ya nishati ya nchi hiyo mwaka 1013 ukiongeza elfu moja, yaani 2013, ana jina lilo hilo. Lakini tawi lililotuhusu sisi ni lile lililovuka bahari likaja Mombasa.

Wareno walianza kuijenga ngome yao ya Mombasa mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu mwezi wa Machi mwaka 1696, na wakaitwaa mwezi wa Desemba mwaka 1698, baada ya muda wa karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi kwa waliokuwa ndani. Wareno walirudi wakaishika kwa muda mfupi mwaka 1728 na 1729, kisha wakaondoka wasirudi tena. Wafalme wa Omani wa wakati ule, yaani Wayaarubi, waliitawala Mombasa kwa kupeleka maliwali. Neno hili liwali nalo lina jambo la kumfurahisha mwalimu: ni al-wali ya Kiarabu iliyomezwa pamoja na kiangama chake. Mnamo mwaka 1739 hivi liwali aliyepelekwa alikuwa Muhammad bin Uthman Al-Mazrui.

Muda si mrefu baadaye mambo ya Omani yakapinduka. Ukoo wa Yaarubi ukaanguka, akainuka Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi. Muhammad bin Uthman hakumtambua. Kwa maoni yake, yeye alikuwa amepewa Mombasa na mfalme aliyeondoka, na huyu mpya hakuwa na haki zaidi kuliko yeye mwenyewe. Ahmad bin Said akatuma watu, wakamwua liwali ndani ya ngome mnamo mwaka 1746. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alifungwa, akatoroka, akakusanya watu wa mji, akairudisha ngome mikononi mwa ukoo wake mwaka uliofuata. Kuanzia hapo, kwa muda wa karibu miaka tisini, Wamazrui waliitawala Mombasa bila ya kumtii mtu wa Maskati.

Ni lazima tuseme neno moja juu ya utawala huo, kwa sababu vitabu vingi vya shule huupita haraka. Wamazrui walikuwa wachache. Hawangeweza kukaa katika ngome siku mbili kama si kukubaliana na wenyeji wa mji, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili ambayo watu wa Mombasa huyaita Thenashara Taifa, yenye makundi yake mawili, la tatu na la tisa; na nyuma yao wako Mijikenda wa bara, waliokuwa na mapatano na mataifa hayo. Liwali aliyewaudhi hao alikuwa amekwisha. Nguvu yao nyingine ilikuwa kisiwa cha Pemba, kilichowapa chakula. Walipokipoteza Pemba mwaka 1823, mwisho ulikuwa umeanza.

Wakati huo ndio wakati wa Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mvita. Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa na mwandani wa Wamazrui, na mashairi yake mengi ya vita yalitungwa kuwatia moyo watu wake na kuwakebehi maadui zao wa Lamu na wa Unguja. Tunapowafundisha wanafunzi tungo zake bila ya kuwaeleza Mazrui walikuwa nani, tunawapa fumbo lisilo na mfumbuo. Vita vya Shela, vilivyopiganwa karibu na Lamu mnamo mwaka 1812 hivi, ambapo Wamombasa na Wapate walishindwa vibaya, ndivyo vilivyowafungulia Busaidi mlango wa pwani, kwa kuwa watu wa Lamu walimwita Seyyid Said bin Sultan awalinde.

Wamazrui walitafuta mlinzi wao pia, na walimtafuta mahali pa ajabu. Tarehe 7 Februari 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la bahari la Uingereza alitia nanga Mombasa, akaombwa aipandishe bendera ya nchi yake juu ya ngome, akakubali kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe. Owen hakuwa ametumwa na serikali yake kufanya hivyo. Alimwacha hapo Luteni John James Reitz, kijana ambaye aliugua homa akafa mwaka huo huo kabla ya miezi minne kupita, na jina lake limebaki katika ghuba iliyo magharibi ya kisiwa, Port Reitz. Serikali ya London haikuupenda mpango wa Owen, kwa kuwa Seyyid Said alikuwa rafiki yake, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa.

Seyyid Said alishambulia zaidi ya mara moja asifaulu. Kilichomfanikisha hatimaye ni ugomvi wa Wamazrui wenyewe. Liwali Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835 jamaa walishindana juu ya urithi, na baadhi ya watu wa mji wakachoka nao. Mwaka 1837 Seyyid Said aliingia kwa mapatano kwamba Wamazrui watakaa mjini kwa amani. Mapatano hayo hayakudumu mwaka mzima. Wakuu wa ukoo zaidi ya 20 walikamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas katika pwani ya Uajemi, wakafia huko. Waliosalimika walikimbia, wengine kusini hadi Gazi, wengine kaskazini hadi Takaungu.

Hapa ndipo tunapoona shida ya kusimulia historia ya jina. Mpaka hapo msomaji huenda amewahurumia Wamazrui, nasi tumewahurumia. Lakini Takaungu na Gazi hazikuwa kambi za wakimbizi tu. Katika miaka ya 1860 na baadaye Takaungu ilisitawi kwa mashamba makubwa ya nafaka, iliyopelekwa kwa majahazi hadi Arabuni, na waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa. Jina lenye maana ya kupanda lilistawi kwa mikono ya wengine, walioinama chini ya jua bila ya ujira. Wajukuu wa watumwa hao wako hadi leo katika pwani ya Kenya, na Mijikenda pia wako, ambao wanasema kwamba ardhi ile ilikuwa yao. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kuwahifadhia Wamazrui ardhi ya Takaungu kuwa wakfu wa ukoo. Mwaka 1989 Bunge la Kenya liliifuta sheria hiyo. Kwa hiyo jina tunalolitaja darasani kuwa la mashujaa, au la wanazuoni, katika baraza nyingine za pwani ni jina la kesi ya shamba. Mwalimu anayewaficha wanafunzi upande huo hawatendei haki.

Turudi kwa Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mwana wa liwali wa mwisho wa Mombasa. Jina lake ni Mubarak kwa Kiarabu, lakini pwani nzima ilimwita Mbaruk. Tangu miaka ya 1850 alikuwa akiinuka dhidi ya Busaidi, akishindwa, akikimbilia misituni, akisamehewa, akiinuka tena. Vita vyake vikubwa vilikuja alipokwisha kuwa mzee, na havikuanzia kwake. Mapema mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu. Kwa mila ya ukoo mrithi alikuwa mtu mwingine aliyeitwa pia Mbaruk bin Rashid (msomaji na asiwachanganye, kama tulivyowachanganya sisi tulipokuwa wanafunzi), lakini Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala ilimpendelea Rashid, mwana wa marehemu, aliyekuwa mpole kwao. Mbaruk wa Takaungu akakataa, vita vikaanza, na Mbaruk wa Gazi akawapokea jamaa zake waliokimbia. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi mikononi mwa Kampuni, na mwezi wa Agosti Admeri Harry Rawson akaivunja boma ya Mbaruk iliyokuwa Mweli.

Mbaruk hakusalimu amri. Vita vya kuvizia vilienea pwani, na ilibidi waletwe askari kutoka Bara Hindi mwezi wa Machi 1896. Mwezi uliofuata Mbaruk alivuka mpaka na watu wake, akajiweka chini ya Wadachi, akaishi Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910. Tunaomba ruhusa ya kuongeza jambo dogo: Rawson huyo huyo ndiye aliyeipiga mizinga Unguja tarehe 27 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash aliyeshindwa siku ile naye alihamia Dar es Salaam. Hivyo Mmazrui na Mbusaidi, ambao babu zao walichinjana kwa ajili ya ngome moja, walikuwa wageni wa Wadachi katika mji mmoja, wote wawili wakiwa wamefukuzwa na admeri mmoja.

Vitabu tulivyosomea sisi vilimwita Mbaruk "mwasi". Mwasi kwa nani? Waingereza walikuwa na nchi hiyo kwa siku hamsini tu walipoivunja Mweli. Vitabu vingine vya baadaye vikamwita mpigania uhuru, nalo pia linatutatiza, kwa kuwa uhuru alioutaka ulikuwa wa ukoo wake, na katika mashamba ya ukoo huo watumwa hawakuahidiwa wowote. Tumezoea sasa kuwaambia wanafunzi wamwite Mbaruk bin Rashid.

Lakini hata kabla ya bunduki kunyamaza, jina hili lilikuwa limekwisha kupata kazi nyingine, kazi ya elimu. Sheikh Ali bin Abdallah Al-Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1825, alikuwa mwanachuoni aliyefuata madhehebu ya Shafii, ilhali wazee wake walikuwa Waibadhi. Kwa ajili ya mafundisho yake alitiwa kifungoni na Sultani Barghash, akafunguliwa baada ya sultani kufariki mwaka 1888. Alifariki mwaka 1894 akaacha mtoto wa miaka mitatu hivi, Al-Amin.

Huyu ndiye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), na kwa mwalimu wa Kiswahili huyu ndiye aliye karibu zaidi. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi. Katika mwaka huo huo wa 1930, katika mji ule ule ambao lahaja yake ya Kimvita ilikuwa imekataliwa, Sheikh Al-Amin alianza kutoa gazeti lake dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa jingine, Al-Islah. Hakungoja Kamati imfundishe namna ya kuandika. Aliwaandikia watu wake kwa lugha yao juu ya elimu, juu ya uvivu, juu ya kuiga Wazungu katika mambo ya upuuzi na kuacha kuwaiga katika mambo ya maana, juu ya kuwasomesha wasichana. Makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Na jina hilo lenyewe, lenye w yake katikati, lingesahihishwa kwa wino mwekundu na wengi wetu. Alikuwa Kadhi wa Mombasa tangu 1932, na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake. Kwa Kiarabu aliandika historia ya utawala wa ukoo wake, iliyochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.

Wanafunzi wake wawili walimfuata katika ukadhi mkuu: Sheikh Muhammad Kassim Mazrui (1912–1982), aliyeandika kwa Kiswahili maisha ya makhalifa wanne na kutoa gazeti la Sauti ya Haki, na baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja.

Sasa tumfikie yule wa Makerere. Ali Al'amin Mazrui alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Wanafunzi huchanganywa na majina haya, na hapa ubao unasaidia: babu ni Ali bin Abdallah, baba ni Al-Amin bin Ali, mwana ni Ali bin Al-Amin. Neno bin liliachwa njiani kwa desturi ya shule za Kiingereza, na jina la ukoo likasogea mwisho kama jina la familia la Kizungu.

Kijana Ali hakufaulu vizuri katika mtihani wake wa mwisho wa shule, na alipotaka kuingia Makerere hakukubaliwa. Akafanya kazi ya ukarani katika chuo cha Waislamu cha Mombasa, na hotuba yake ya Maulidi, aliyoitoa mbele ya Gavana Philip Mitchell, ndiyo iliyomfungulia njia ya kupelekwa Uingereza. Alipata shahada Manchester mwaka 1960, nyingine Columbia ya New York mwaka 1961, na ya udaktari Oxford mwaka 1966. Lakini mwaka 1963 alikuwa amekwisha kurudi, na mahali aliporudi ni Makerere ile ile iliyomkataa, safari hii akiwa mwalimu. Mwaka 1965 akawa profesa wa siasa. Sisi hatukumkuta, wale waliotufundisha walikuwa wamemkuta, na walikuwa wakisimulia jinsi ukumbi ulivyojaa hadi madirishani alipojadiliana na Walter Rodney mwaka 1970. Makala yake ya mwaka 1966 juu ya Nkrumah katika jarida la Transition la Kampala iliwakasirisha wengi, naye hakuonekana kujali. Mwaka 1973, chini ya utawala wa Idi Amin, alilazimika kuondoka Uganda, akaenda Michigan na baadaye Binghamton. Mwaka 1979 alitoa hotuba za Reith katika redio ya BBC, na mwaka 1986 filamu zake tisa juu ya Waafrika na urithi wao wa namna tatu, yaani wa asili, wa Uislamu na wa Kizungu, zikaonyeshwa. Walioshangaa alikoitoa fikira hiyo hawakuwa wamefika Mombasa wakaiona nyumba aliyolelewa na ngome iliyo jirani yake.

Jamaa yake Alamin Mazrui, mtaalamu wa isimu aliyezaliwa mwaka 1948, ndiye aliyelirudisha jina hilo ndani ya fasihi ya Kiswahili. Tamthilia yake Kilio cha Haki ilitoka mwaka 1981: Lanina, mwanamke, anawaongoza wafanya kazi wa shamba la mlowezi kudai haki zao. Mwaka uliofuata mwandishi alitiwa kizuizini bila ya kushtakiwa, na diwani yake Chembe cha Moyo ikatoka mwaka 1988. Tumeifundisha tamthilia hiyo mara tatu, na kila mara tumejiuliza kama wanafunzi wanatambua kwamba aliyeandika kilio cha wafanya kazi wa shamba ni mtu wa ukoo uliokuwa na mashamba ya Takaungu. Mara ya tatu tuliwaeleza. Mvulana mmoja akasema kwamba labda ndiyo sababu aliijua vizuri sauti ya kilio hicho. Mwenzake akamjibu kwamba kuijua sauti si sawa na kulia. Wakabishana hadi kengele ikalia.

Mwaka 1995 Ali na Alamin walitoa pamoja kitabu kwa Kiingereza juu ya Kiswahili, dola na jamii, ambamo Uganda yetu inatajwa mara nyingi pamoja na woga wake juu ya lugha hii. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili.

Profesa Ali Mazrui alifariki Vestal, karibu na Binghamton, tarehe 12 Oktoba 2014. Alikuwa ameusia azikwe kwao, na maiti yake ikasafirishwa kutoka New York hadi Mombasa, ikazikwa katika makaburi ya Wamazrui yanayotazamana na Ngome. Tulifika hapo wakati wa likizo na kikundi kidogo cha wanafunzi. Yule msichana wa zrui alikuwamo. Alisimama ukutani akisoma majina, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini kama Mbaruk naye yumo. Tukamwambia kwamba Mbaruk alifia Dar es Salaam.